"Wakili, jaji atapunguza": dhana potofu kuhusu gharama za kesi

Msajili wa mahakama akishakadiria bili ya gharama, yaani pesa ambazo aliyeshindwa humlipa mshindi kwa kuendesha kesi, mteja aliyeshindwa huja na wimbo ule ule: "Wakili, pesa hizi ni nyingi mno. Tukate rufaa, jaji apunguze." Nimeusikia Kampala, nimeusikia Arua, na sasa nimechoka.

Jaji wa Mahakama Kuu haketi na kalkuleta kuanza bili upya. Kiasi ni kazi ya msajili. Jaji huingilia pale msajili alipokosea kanuni, au kiasi kinapopita mipaka hadi chenyewe kionyeshe kosa. Tena Mahakama ya Juu, katika shauri la Benki Kuu ya Uganda dhidi ya Banco Arabe Español, ilisema kosa la kanuni peke yake halitoshi: liwe limebadilisha kiasi kweli kweli, na kukiacha kiasi hicho kuwe ni dhuluma.

Kwa hiyo "nyingi mno" si hoja. Hoja ni kama hii: tumegombania kiwanja ambacho thamani yake imeandikwa kwenye hati ya madai, msajili akapiga ada ya wakili kwa thamani nyingine isiyoonekana kwenye madai wala hukumu. Hapo nina la kuandika kwenye hati ya kiapo ya rufaa.

Hoja nyingine hufia kwenye siku ya ukadiriaji, siku ambayo wateja huniambia, "Nenda tu, wakili." Bili ya wenzetu inadai wamefika mahakamani mara 14, jalada linaonyesha mara 9. Kama hujanipa muda wa kulipekua jalada, nitapinga nini? Mtakasirika, lakini pesa mnazotaka kutupa kwenye rufaa, zitumieni kwa maandalizi ya siku hiyo.

"Tungoje kwanza nakala ya uamuzi." Mngoje nini? Sheria ya Mawakili inatoa siku 30 za kukata rufaa. Andika barua ya kuomba nakala siku ile ile, na rufaa ianze kuandaliwa.

"Tukishakata rufaa hawatugusi." Watawagusa. Rufaa haisimamishi utekelezaji, ombi la zuio lazima lipelekwe na likubaliwe.

Na washindi nao: hamtarudishiwa kila shilingi mliyompa wakili wenu. Aliyeshindwa hulipa kwa viwango vya kanuni. Mlichokubaliana na wakili wenu, hata kikizidi viwango hivyo, hakimhusu yeye.