Mafuta ya mimea ya kufukuza mbu: yanafanywaje yadumu?

Nikijipaka mafuta ya mimea mbu hunikimbia, lakini muda si muda wanarudi. Je, mafuta ni mabovu?

Hapana. Mbu humtafuta mtu kwa kunusa pumzi, jasho na ngozi yake. Mafuta ya mchaichai au mkaratusi humvuruga, lakini ili ayanuse ni lazima yapae hewani, na yakipaa ndiyo yanakwisha. Joto la mwili na upepo huyaharakisha. Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa Marekani mwaka 2002, dawa za sitronela (mafuta ya jamii ya mchaichai) zilikinga kwa takriban dakika 20 au pungufu, ilhali dawa ya DEET (kemikali ya kufukuza mbu inayotengenezwa viwandani) ya asilimia 23.8 ilikinga kwa takriban saa 5.

Nikijipaka mengi zaidi?

Usifanye hivyo, tafadhali. Mafuta makali yasiyochanganywa huwasha na kubabua ngozi.

Basi hucheleweshwaje?

Kila tone hufungwa ndani ya kifuko kidogo kisichoonekana kwa macho, cha jelatini, gundi ya miti au kitosani, ambayo hutokana na maganda ya kamba wa baharini. Mafuta huvuja polepole, au kifuko hupasuka kinaposuguliwa. Vifuko hivi huweza kuchanganywa na losheni au kupachikwa kwenye nguo. Njia nyingine ni kuongeza vanilini, kiini cha harufu ya vanila, ambayo hupunguza kasi ya mafuta kupaa.

Ugumu uko kwenye kipimo. Kifuko kikibana mno, harufu inayotoka ni haba na mbu anatua vilevile. Kwa hiyo neno “hudumu” kwenye chupa halinitoshi. Nataka kujua inakinga kwa saa ngapi. Bangili za kufukuza mbu zilizopimwa katika majaribio yaleyale ya 2002, ingawa zilibeba dawa, hazikukinga hata dakika moja.

Kuna dawa ya mmea inayodumu yenyewe?

Ndiyo, PMD, itokanayo na mkaratusi wenye harufu ya limau. Hupaa taratibu, hivyo hukinga kwa saa kadhaa. Usidhani ni sawa na mafuta ghafi ya mti huohuo, na usimpake mtoto wa chini ya miaka 3.

Nikiipata, niache chandarua?

Usiache. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, wakati umelala na huwezi kujipaka upya.