Bundi aliye darini kwako amefuata panya

Swali tunaloulizwa zaidi na wananchi kuhusu bundi ni namna ya kumfukuza. Ameonekana darini, ghalani au kwenye paa la kanisa, analia usiku na watu hawalali. Wengine huwa wameshamuua kabla hawajauliza. Kama mtaalamu wa wanyamapori, naomba tumjue kwanza ndege huyu kabla ya kuokota jiwe.

Bundi anayekaa karibu na watu mara nyingi ni yule mweupe kifuani, mwenye uso bapa wenye umbo la moyo. Kisayansi huitwa Tyto alba. Hajengi kiota; hutaga pangoni, kwenye tundu la mbuyu au katika kiota kikuukuu cha fundichuma, na dari lenye upenyo humfaa vilevile. Mlio wake ni ukelele mrefu wa kukwaruza. Makinda wake nao, wakiwa na njaa, hukoroma na kufoka usiku kucha, na aliyelala chini ya dari hilo husikia kama mtu anavuta pumzi juu ya kichwa chake. Hofu hiyo naielewa kabisa. Lakini wale ni watoto wanadai chakula.

Wapo wanaoamini kwamba bundi akilia juu ya nyumba kuna atakayekufa. Nyumba yenye mgonjwa haizimi taa, na watu wake wako macho. Taa huvuta wadudu, wadudu huwavuta wanaowala, bundi wakiwemo, na aliye macho husikia kila mlio. Usiku mwingine wote ambao bundi alilia na pasitokee msiba, hakuna anayeuhesabu.

Kilichomleta bundi wa darini ni panya, na ameumbwa kwa kazi ya kuwawinda hasa. Masikio yake hayajakaa sawa: moja liko juu kidogo kuliko jingine, kwa hiyo sauti ya panya anayetembea kwenye majani makavu humfikia kila sikio kwa namna tofauti, naye akajua upande na kimo inakotoka. Uso wake hukusanya sauti kama ungo wa king'amuzi unavyokusanya mawimbi. Nchini Marekani, watafiti Roger Payne na Masakazu Konishi walionyesha kuwa bundi huyu anaweza kukamata mawindo kwenye giza totoro kwa kusikia tu. Ukingo wa mbele wa mabawa yake una meno madogo ya manyoya yanayopunguza kelele ya upepo, ndiyo maana panya hamsikii akija. Macho yake hayazunguki ndani ya matundu yake, hivyo hugeuza shingo nzima. Shingo hiyo ina pingili 14, wakati ya binadamu ina 7, na hugeuka hadi nyuzi 270 hivi. Hazunguki duara zima kama watu wanavyosimulia.

Ukitaka ushahidi wa anachokula, angalia chini ya mahali anapolala mchana. Utakuta madonge meusi, makubwa kama kidole gumba. Si kinyesi. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha hutapika manyoya na mifupa isiyosagika. Vaa glavu, loweka donge moja kwenye maji ya vuguvugu, lichambue taratibu kwa kijiti: mafuvu hutoka yakiwa kamili. Fuvu lenye meno marefu ya mbele, kisha pengo, kisha magego, ni la panya. Lenye safu ya meno madogo makali yasiyo na pengo ni la kirukanjia. Walimu wa sayansi, hili ni somo lisilohitaji maabara.

Bundi mzima huhitaji takriban gramu 70 hadi 100 za chakula kwa usiku mmoja, yaani panya shamba mmoja hadi watatu. Akiwa na makinda, huwinda zaidi. Hata hivyo nisiwape matumaini yasiyo na msingi. Panya shamba wetu, Mastomys natalensis, hubeba mimba siku 23 tu na huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mzao mmoja. Utafiti uliofanywa kwenye mashamba ya mahindi nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006 uligundua kwamba panya waliozungushiwa uzio na kukingwa dhidi ya wawindaji wao waliongezeka haraka zaidi. Lakini kuwavutia ndege kwa nguzo na masanduku ya viota kwenye shamba lililo wazi hakukuleta tofauti iliyoonekana. Bundi ni msaidizi. Kusafisha shamba, kuhifadhi nafaka vizuri na kutega mitego kwa pamoja na majirani bado ni kazi yetu.

Linalonisumbua zaidi ni sumu. Dawa za panya zinazozuia damu kuganda, kama brodifakumu, haziui papo hapo. Panya huishi siku kadhaa akizidi kulegea, na hutoka mahali pa wazi. Huyo ndiye anayekamatwa kwa urahisi kuliko wote. Sumu iliyo kwenye ini lake huingia kwa bundi na kurundikana, na mwishowe bundi hufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Penye bundi tumieni mitego. Kama sumu imeshawekwa, okoteni mizoga kila asubuhi na kuifukia.

Bundi wengine hawana paa la kukimbilia. Kibundi wa Pemba haishi popote duniani ila kisiwa hicho, na yule mdogo wa Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966, hutegemea misitu michache ya Kenya na Tanzania. Kwao msitu ukikatwa ndiyo mwisho.

Ukihitaji dari lako, subiri makinda waruke, yapata miezi miwili tangu waanguliwe, ndipo uzibe upenyo. Kinda akianguka, usimwache chini ukidhani mama atamfuata. Bundi huyu kwa kawaida halishi kinda aliye nje ya kiota. Mfunike kwa kitambaa kizito ili asikuumize kwa kucha, mshike, mrudishe juu. Kuguswa na mtu hakutamfanya mama amkatae.