Je, wajua kinachousimamisha mshale ndani ya sponji si ncha yake?

Ukimpa mtu shabaha mbili za sponji achague moja ya mazoezi ya upinde nyumbani, kuna uwezekano mkubwa azibonyeze kwa kidole gumba na kuchukua iliyo ngumu zaidi. Anaamini kwamba mshale husimama kwa sababu ncha imekutana na kitu kilichokataa kupenyeka, kwa hiyo kigumu ndicho kitakachodumu. Imani hiyo imeenea sana, na ndiyo inayowafanya watu waharibu mishale mizuri.

Ncha ya mazoezi ni nyembamba, haina makali ya pembeni, na kazi yake ni kufungua njia tu. Ikishapita, sponji iliyosukumwa kando hurudi na kuubana uti wa mshale kutoka pande zote. Msuguano huo wa sponji na uti ndio unaoupunguzia mshale mwendo. Kadiri uti unavyozidi kuingia ndivyo sehemu inayobanwa inavyozidi kuwa ndefu, na upinzani unaongezeka wenyewe. Mshale husimama taratibu kiasi, ndani ya sentimita kadhaa. Kwenye ubao mgumu, nguvu yote humalizika kwa ghafla: uti wa alumini hupinda, wa kaboni huweza kupata ufa usioonekana vizuri kwa macho. Mshale wa kaboni wenye ufa ni hatari, kwani unaweza kupasuka unapoachiliwa na kumjeruhi mpigaji mkononi.

Hesabu kidogo itasaidia. Mshale wa gramu 20 unaokwenda mita 55 kwa sekunde hubeba nishati ya juli 30 hivi. Ukisimama ndani ya sentimita 20, sponji imeuzuia kwa wastani wa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 15. Sasa chukua upinde wenye kapi, unaorusha mshale wa gramu 25 kwa mita 85 kwa sekunde: nishati inafika juli 90, mara tatu. Kwa kuwa upinzani huongezeka kadiri mshale unavyozama, kina hakiongezeki mara tatu. Katika sponji ileile kitakuwa kama sentimita 35. Ndiyo maana shabaha inayomtosha mwenye upinde mwepesi huachia mishale ya jirani yake mwenye upinde wa kapi itokeze nyuma. Kabla ya kununua, angalia unene na nguvu ya upinde iliyoandikwa kwenye shabaha.

Kinachofuata ni mpangilio wa sponji yenyewe, na hapa ndipo uimara hasa unapopatikana. Shabaha nyingi zinazodumu hutengenezwa kwa karatasi za sponji ya polithini zilizopangwa na kukandamizwa, kingo zake zikimtazama mpigaji. Fikiria kitabu kinene kilichobanwa kwa nguvu, nawe unapenyeza rula kati ya kurasa kutoka ubavuni. Rula haitoboi ukurasa wowote; inazitenganisha tu, nazo zinaibana. Ukiichomoa, kurasa zinarudiana na huoni ilipopita. Lakini ukiisukuma rula hiyohiyo kupitia jalada, kila safari utaacha tundu la kudumu. Bonge la sponji lisilo na tabaka huumia kwa namna ya pili: kila mshale unakata kidogo, na katikati, panapolengwa zaidi, ndipo panapoharibika kwanza.

Hata tabaka huchoka. Kwa hiyo napendelea sana shabaha zenye fremu na skrubu za kukaza, kwa kuwa tabaka za katikati zikilegea unazikaza tena, au unazihamisha ziende pembeni na za pembeni ziingie katikati. Idadi ya mishale inayotajwa kwenye matangazo haina maana kama haikutaja upinde uliotumika. Pia tabaka si za kila ncha: ncha pana za kuwindia zina makali, nazo huzikata, hivyo usizitumie isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.

Sponji nyeupe inayofungiwa vyombo vya umeme kwenye maboksi haifai. Humeguka punjepunje, hairudi mahali pake. Hata kwenye sponji nzuri, mshale wenye kasi kubwa huzalisha joto la kutosha kuyeyusha plastiki kidogo ikagandia kwenye uti, na siku hiyo kuuchomoa huwa kazi. Sabuni kavu ikisuguliwa karibu na ncha hupunguza tatizo hilo.

Jua huidhoofisha polithini kuliko mvua, basi ihifadhi kivulini. Weka karatasi yenye alama kadhaa ndogo badala ya moja kubwa. Mashindano ya ukumbini ya umbali wa mita 18 mara nyingi hutumia alama tatu wima, na faida mojawapo ni kwamba mishale haigongani. Nyuma ya shabaha pawepo kizuizi kingine, hata kama ni nene.

Wakati wa kuchomoa, kandamiza shabaha kwa mkono mmoja, shika uti karibu kabisa na sponji, vuta moja kwa moja bila kuuinamisha, na hakikisha hakuna aliyesimama nyuma yako: mkia wa mshale unaoachia ghafla unaweza kumfika machoni.