Jioni ya tamasha la ndege: uliza mwezi kwanza

Kamati ya tamasha letu la ndege ikikutana, swali la kwanza huwa: mgeni rasmi anapatikana lini? Langu huwa: siku hiyo mwezi unachomoza saa ngapi? Wananicheka. Lakini mwenye zamu ya jioni ni mimi, na jioni ya ufukweni Luchelele, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, haisikilizi kadi za mwaliko.

Mwaka wa kwanza tulichagua mwezi mpevu kwa sababu unapendeza. Nikawaahidi watu taa za wavuvi wa dagaa, zile zinazofanya ziwa lionekane kama mji umeota juu ya maji. Saa 2 usiku tumekaa mchangani, ziwa tupu. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuja na wajukuu wake, akaniambia taratibu, "Mwalimu, na mbalamwezi hii nani aende ziwani?" Niliona aibu, maana jambo lenyewe nalijua. Dagaa hukusanyika chini ya karabai, au siku hizi taa za sola, giza likiwa zito. Mwezi ukiwaka, mwanga umetapakaa kila mahali na taa ya mvuvi haina ubavu. Siku hizo mitumbwi hulala na nyavu hushonwa.

Basi twende giza totoro? Hapo namkosa kirukanjia. Ni ndege wa rangi ya majani makavu, mchana amelala chini humwoni, usiku anakaa katikati ya njia ya vumbi mpaka gari limkaribie ndipo aruke. Anawinda wadudu kwa macho, kwa hiyo mbalamwezi humchangamsha, kuwinda na kuimba pia.

Hesabu niliyoifikia ni hii. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, kwetu Mwanza ni kama saa 1 kasoro. Kila siku inayofuata huchelewa dakika 50 hivi. Siku ya nne unachomoza saa 4 na ushee. Unapata saa tatu za giza, kisha mwezi. Jumamosi iliyo jirani na siku hiyo ndiyo ninayoipigania kwenye kamati.

Tunaanza saa 11 na nusu kwa kuhesabu yangeyange wanaorudi kulala. Mnandi hupita chini, karibu waguse maji. Yangeyange huja juu kidogo, kwa mistari. Ukihesabu mmoja mmoja utapotea, kwa hiyo watoto nawafundisha kushika kumi wa mwanzo kwa jicho, kisha wapime kumi hao wanaingia mara ngapi kwenye kundi zima. Ikiwa ni kati ya Oktoba na Machi, mbayuwayu kutoka Ulaya nao hushuka kwenye matete. Haya yote yanataka haraka, maana huku jua likizama una dakika 20 tu kabla macho hayajashindwa.

Giza likiingia tunaachana na kando ya maji, bila mjadala. Kiboko hutoka usiku kula majani, na kusimama kati yake na ziwa ni kujitafutia kifo. Tochi zote zinafunikwa karatasi nyekundu. Jicho linahitaji kama nusu saa kulizoea giza, na simu moja ikiwashwa tunaanza upya.

Kisha shuka. Ni shuka jeupe la kitanda tu, kamba kati ya miembe miwili na taa moja mbele yake. Nondo wanakuja, vunjajungu anakuja kula nondo, na wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopanda kama moshi wanajaa hadi kwenye chai. Watu husema wadudu wanaupenda mwanga. Utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha jambo jingine: mdudu anayeruka usiku huelekeza mgongo upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani upande huo ulikuwa angani. Akipita karibu na taa, anaigeuzia mgongo, na ndiyo maana anazunguka asiweze kuondoka. Novemba moja walikuja senene. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja wa Bukoba alikuwa ameshatoa chupa mkobani.

Bundi ndiye mwenye kazi ngumu. Bundi akilia juu ya paa, wengi wetu tumelelewa kusubiri msiba, na sibishani na mtu juu ya hilo. Mtu huyo nampa tonge ya bundi. Bundi humeza panya mzima, kisha mifupa na manyoya yasiyosagika hujiviringisha tumboni akayatema. Tonge hizo naziokota chini ya miamba, nazifunga kwenye foili na kuzipitisha kwenye oveni zife vijidudu (dada yangu anayeoka keki asisome hapa). Watoto wanazichambua kwa vijiti vya meno. Kwanza manyoya, kisha taya, kisha fuvu dogo lenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa. Binti mmoja alipanga mafuvu manne kwenye karatasi, akauliza, "Kwa hiyo hawa wangekuwa ghalani kwa bibi?" Bibi mwenyewe alikuwa nyuma yake. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, alie. Lakini si juu ya paa langu." Kwangu hiyo ilitosha.

Saa 4 familia nyingi zimeshaondoka. Wanabaki wachache, na mwezi unapotokea nyuma ya mawe, kirukanjia anaanza. Huwa kuna kijana anayetaka kumwita kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Namkatalia. Ndege akisikia hivyo anadhani mwenzake amemvamia, anaacha kuwinda aje kupigana na simu.

Mwaka huu kamati imechagua tena Jumamosi ya mwezi mpevu. Mgeni rasmi hana nafasi nyingine. Nimewaambia kwa mbalamwezi hiyo shuka litabaki nyumbani, na tonge za bundi ziongezwe.