a6 mapema: Sisilia ya O'Kelly

Vijana ninaowafunza sataranji barazani hapa Lamu, baada ya swala ya Alasiri, Ulinzi wa Sisilia, yaani Mweusi kuijibu e4 kwa c5, wameukariri: e4, c5, farasi f3, d6 (herufi na nambari ni jina la nyumba; pasipotajwa kete, aliyesogea ni kitunda, kete ndogo). Juzi nikishika vyeusi nilisukuma a6 badala ya d6. Aliyekaa mbele yangu akauliza, "Mwalimu, hicho kitunda kimefuata nini huko pembeni?"

Huu ni mkondo wa O'Kelly, kwa jina la Albéric O'Kelly de Galway, Mbelgiji aliyekuwa bingwa wa tatu wa dunia wa sataranji ya barua (1959–1962).

Aliyezoea Sisilia, mkono humwendea d4 wenyewe, na Mweusi analingoja hilo hilo. c5 inakula d4, farasi anakula, farasi mweusi f6, farasi mweupe c3, kisha e5! Farasi wa d4 kafukuzwa, na b5 hawezi kuirukia, kitunda cha a6 kinailinda. Akirukia f5, Mweusi husukuma d5: e4 ikila d5, farasi hana tena mlinzi, askofu wa c8 anamla. Akirudi f3 au b3, askofu wa f8 hutoka hadi b4, humbana farasi wa c3 asiondoke mbele ya mfalme wake, na e4 anayoilinda inaanza kutikisika.

Sasa tazameni d7. Katika Najdorf, mkondo mwingine wa Sisilia, a6 huja hatua ya tano, d6 ikiwa imeshachezwa. E5 ikifuata, askofu wa f8 amezibwa na kitunda chake mwenyewe. Hapa kitunda cha d7 hakijaondoka. Njia ya b4 iko wazi, na d5 hufikiwa kwa hatua moja, si mbili. Uzuri wote wa mkondo huu umo humo, nami nimeupenda kwa miaka.

Mabingwa hawauchezi sana, kwani Mweupe halazimiki kucheza d4 upesi. c4 huibana d5. Ninayoihofia zaidi ni c3: d4 itakuja ikiungwa mkono na kitunda, na hakuna farasi wa kubanwa pale c3. Mimi huijibu kwa d5 papo hapo. Vitunda vikilana, malkia hukaa d5 kwa utulivu, maana farasi mweupe hana c3 ya kumsumbulia.

Kijana wangu alicheza d4. Farasi wake alipokwisha kurudi b3 na askofu wangu kuingia b4, kikombe cha kahawa kilimpoea mkononi, macho yako e4.