Haya, tuongee kuhusu dona

Kila kikao cha wazazi kuhusu chakula cha mchana shuleni, lazima ainuke mtu: "Afisa lishe, si mseme tu watoto wapikiwe dona? Sembe haina kitu." Makofi, ajenda imefungwa.

Ndugu zangu, dona ni bora kuliko sembe. Nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, zinki, vyote vimo, sibishani. Kinachonichosha ni kuifanya dona ndiyo sera nzima ya lishe shuleni.

Dona ni hindi zima, na hindi likiwa bovu mtoto analishwa ubovu wote. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wa mahindi, hukaa zaidi kwenye kiini na ganda, ndiyo maana ukikoboa sehemu kubwa huondoka na pumba (tunazowapa kuku, ila hiyo ni makala nyingine). Na msiniambie ugali ukiiva sumu inakufa. Kinachokufa ni kuvu. Sumu yake inabaki. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, ingawa mahindi huliwa yakiwa yamepikwa. Dodoma na Manyara yakatukuta mwaka 2016.

Kwa hiyo kabla ya kubishana dona au sembe, twende stoo. Kuvu hustawi kwenye mahindi yasiyokauka; kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sasa tazama shule inavyopokea michango: debe la huyu linamwagwa juu ya debe la yule, magunia yanalazwa sakafuni, mlango unafungwa. Mzazi mmoja aliyevuna mapema anatosha kuharibu gunia. Hamna kipima unyevu? Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje na chumvi kavu, tikisa, iache kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Na punje zitolewe kwa bambo (kile kichuma cha kuchoma gunia na kuchota punje) katikati ya gunia, maana juu kila mtu huweka mazuri.

Halafu kuna suala la chuma. Ndiyo, dona ina chuma zaidi, lakini ina faiteti nyingi pia, kemikali ya asili ya nafaka, na faiteti huishika chuma hiyo mwili usiipate. Mimi binafsi sijashawishika kwamba kubadili unga peke yake kunapunguza upungufu wa damu kwa wasichana wa darasa la saba, ingawa mabango yetu yanasema hivyo kwa sauti kubwa. Nikipewa kuchagua, nitachukua sembe iliyorutubishwa, maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kipande cha chungwa cha kusaidia mwili kuipata chuma, niache dona na mchuzi mwepesi. Chai iliyokolea majani isisogee karibu na mlo huo, nayo huizuia chuma.

Mafuta, mboga: muhimu, mnajua.

Maharage ndiyo hamyasemi. Mgao uliozoeleka kwenye mpango wa chakula shuleni wa Kenya ni gramu 150 za nafaka, 40 za jamii ya kunde na 5 za mafuta kwa mtoto kwa siku. Hela ikibana, hizo 40 ndizo za kwanza kupotea, na hakuna mzazi anayesimama kulalamika kwa sababu rangi ya mchuzi bado ipo. Ziandikwe kwenye maafikiano ya wazazi na kwenye mkataba wa mzabuni, kwa gramu, si kwa neno "maharage". Kikao kijacho ombeni daftari la stoo: watoto 500 wanataka kilo 20 za maharage kwa siku. Mkikuta zimetoka kilo nane, hapo ndipo pa kuinuka.