“Sishiki simu, naongea kwa blutuu”: dhana potofu za madereva

Kauli hii inatoka kwa mwanafunzi wa udereva wa wiki ya pili, kwa mtumishi anayewahi ofisini Mtumba, Dodoma, asubuhi, na kwa dereva wa semi anayetoka bandarini kwenda Rwanda. Maneno yanabadilika kidogo tu: “Mwalimu, simu iko kwenye spika, mikono yote miwili iko kwenye usukani. Tatizo liko wapi?” Tatizo haliko mikononi. Kila unapobadili gia unabaki na mkono mmoja kwenye usukani, na hakuna aliyewahi kudai gia zipigwe marufuku.

Kinachoondoka na simu ni akili. Kuendesha ni kazi ya kubashiri muda wote. Yule mtoto aliyesimama pembeni ya lami pale Chamwino, atavuka au atasubiri? Bodaboda wa mbele amegeuza shingo, anataka kukata kulia bila indiketa? Maswali hayo yanajibiwa na akili ileile unayoitumia kupatana bei ya magunia na dalali wa Kibaigwa. Haifanyi kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Inaruka kutoka huku kwenda kule, na kila inaporuka kuna kipande cha barabara kinachopita hakina mwenyewe.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka madereva kwenye mtambo wa kuigiza udereva na kufuatilia macho yao. Walioongea na simu bila kuishika waliyatazama mabango ya barabarani, lakini walipoulizwa baadaye wayatambue, walishindwa mengi zaidi kuliko wasioongea. Jicho lilifika, ubongo haukupokea. Ndiyo maana dereva anaapa kwamba ng’ombe “alitokea ghafla” wakati kundi zima lilionekana tangu mita mia mbili. Hadanganyi. Kwake yeye kweli ng’ombe alitokea ghafla.

Tupige hesabu, maana wengi wanadhani kuchelewa nusu sekunde si kitu. Gari dogo liko 80 kwa saa, lami kavu, tairi nzima. Kila sekunde linakula mita 22. Ukishakanyaga breki kisawasawa linahitaji mita 35 hivi kusimama. Sasa chukua madereva wawili barabara ya Bahi, ng’ombe yuleyule mbele yao. Wa kwanza yuko macho, anakanyaga kwa wakati, bampa inasimama ikikaribia kumgusa mnyama. Wa pili yuko kwenye simu, anachelewa nusu sekunde tu, yaani mita 11, karibu urefu wa basi. Kwa sababu breki hupunguza mwendo mwingi zaidi kwenye mita za mwisho, huyu wa pili anamfikia ng’ombe akiwa bado na kilomita 45 kwa saa. Si kwamba “atamgusa kidogo”. Ng’ombe aliyegongwa miguuni kwa mwendo huo anapanda boneti na kuja kwenye kioo.

Na hii si nadharia ya maabara peke yake. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto walilinganisha rekodi za simu za madereva 699 waliopata ajali na muda wa ajali zao. Hatari ilikuwa mara nne mtu anapokuwa kwenye simu, na waliotumia simu isiyoshikwa hawakuonekana kuwa salama zaidi. Mwaka 2005 utafiti wa Perth, Australia, kwa madereva waliofika hospitali baada ya ajali, ukatoa jibu hilohilo: mara nne, ushike usishike.

Ukitaka kuona kwa macho yako, kaa kiti cha abiria umwangalie dereva anayeongea kwa spika. Saidi mira haitazami tena. Macho yanaganda katikati ya kioo. Mguu unalegea, gari linashuka mwendo bila sababu, kisha anakumbuka na kukanyaga mafuta. Indiketa aliyoiwasha kwenye kipilefti inaendelea kulia mpaka uwanja wa ndege. Tuta analikuta akiwa gia ya nne. Akikata simu haponi papo hapo: majaribio ya mifumo ya kuamuru simu kwa sauti yalionyesha akili inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani kikamilifu. Kwa 50 kwa saa, hizo ni mita 375.

Hapo ndipo linapokuja jibu lao la akiba: “Basi tupige marufuku na abiria wasiongee.” Abiria anaona unachokiona. Lori likihama upande wako ananyamaza mwenyewe, au anapiga kelele kabla yako. Unayeongea naye kwa simu, aliyeko Mbagala, haoni lori. Anauliza kwa nini umenyamaza, “haloo, haloo”, na wewe unajisikia vibaya unamjibu.

Kwa hiyo kwenye mjadala wa kuwapiga madereva marufuku kutumia simu, sheria inayoishia kwenye mkono inashughulika na kile ambacho trafiki anaweza kukiona, basi. Uingereza walipiga marufuku kushika simu Desemba 2003, wakaacha isiyoshikwa. Mwaka 2019 kamati ya uchukuzi ya bunge lao ikashauri hata hiyo ifikiriwe kupigwa marufuku, kwa sababu sheria ilivyo inawafanya watu waamini kuwa spika ni salama. Msimamo wangu: anayebeba abiria au mzigo mzito asiongee kabisa gari likitembea, kwa mkono, kwa spika wala kwa hedifoni. Hedifoni nazichukia zaidi ya vyote, maana zikiziba masikio yote mawili humsikii bodaboda aliyeko ubavuni wala king’ora.

Hizi nyingine hazihitaji maneno mengi.

“Nasoma meseji sekunde moja tu.” Hakuna meseji ya sekunde moja. Kuokota simu, kuifungua, kusoma, kurudisha macho: hesabu sekunde tano. Kwa 80 kwa saa umepita mita 111, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, umefumba macho.

“Nipo kwenye foleni, gari limesimama.” Foleni inatembea, na wewe unagundua kwa honi ya nyuma. Unaachia breki kwa haraka bila kutazama, wakati huo bodaboda na mtu wa miguu wanakatiza mbele ya bampa. Handibreki ikiwa chini, bado unaendesha.

“Mimi mzoefu, miaka 20 barabarani.” Uzoefu umekufundisha klachi na gia mpaka huzifikirii. Punda akiingia barabarani haepukiki kwa mazoea, anahitaji akili iliyopo. Na wazoefu ndio wabishi kuliko wote.

“Natumia ramani.” Sawa, ila weka unakokwenda kabla ya kuwasha gari, washa sauti, na simu ikae chini ya mstari wa macho, karibu na matundu ya kiyoyozi. Isibandikwe katikati ya kioo inapoziba mtu wa miguu mzima. Ukipotea, potea mpaka utakapopata pa kusimama.

“Kuongea kunanitoa usingizi.” Hii ina punje ya ukweli, na ni afadhali niiseme mwenyewe kabla ya kuletewa. Utafiti wa Virginia uliofunga kamera kwenye malori, uliotoka 2009, ulikuta kuandika meseji kunaongeza hatari mara 23, lakini kuongea kwenyewe hakukuongeza. Kumbuka ni madereva wa malori wa Marekani, na huko barabara zao kuu nyingi zina njia mbili kila upande na nafasi katikati. Dodoma hadi Manyoni ni njia moja kwenda, moja kurudi, ng’ombe, baiskeli isiyo na taa na lori lililoharibika likiwa limewekewa majani badala ya pembetatu. Halafu maongezi yanaahirisha usingizi tu. Simu ikikatika, unarudi palepale. Toka nje ya lami kabisa, mahali tambarare pasipo kona wala daraja, washa hazadi, funga milango, lala dakika 15 hadi 20. Zaidi ya hapo utaamka umelewa usingizi.

Ushauri wangu mmoja ninaourudia mpaka wanafunzi wanauigiza: simu, kama haikuonyeshi ramani, iende kiti cha nyuma kabla ufunguo haujazungushwa. Si mfukoni, si katikati ya mapaja, si kwenye dashibodi ikitazama juu. Simu janja nyingi zina mpangilio wa kuzuia milio wakati wa kuendesha, na baadhi zinamjibu mpigaji zenyewe. Mwenye utingo ampe utingo.

Upande wa pili wa laini nao una lawama. Tajiri anayempigia dereva wa basi kila nusu saa kuuliza “umefika wapi?” afungue VTS, mfumo wa kufuatilia magari, gari lake anaweza kuliona lilipo bila kumsumbua mtu. Na wewe ukimpigia mtu ukasikia injini, mwambie “endesha, utanipigia ukisimama”, kisha kata wewe. Yeye hatakata, hasa kama wewe ni mkwe wake.